Siku ya Mechi Hakuna Salamu

Jumamosi asubuhi Marikiti ya Machakos hujaa mpaka kukohoa ni kwa foleni. Wenye maembe ya Matuu walikuwa wamepanga ndoo hadi katikati ya njia, wenye mitumba wanaimba bei, mikokoteni inalilia nafasi. Ndani ya msukumano huo msichana mmoja mrefu alikuwa anapita akitazama chini, kama mtu aliyeangusha pete. Hakuangusha kitu. Alikuwa anatafuta raba.

Aliitwa Kalunde. Alivaa sweta ya kijivu juu ya jezi ya kijani, sketi ya jinzi, na nywele zake zilisukwa mistari ya kwenda nyuma, zikabana hadi nyusi zikapanda. Ndani ya kiondo alibeba raba moja kuukuu, soli yake imening'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa mchana huo huo, naye ndiye kapteni wa timu ya wasichana ya mpira wa vikapu ya Chuo cha Kiima Kimwe.

"Dada, unatafutia mzee nyumbani?" sauti ilimwuliza nyuma ya rundo la viatu.

"Natafuta yangu. Namba tisa."

Mwenye viatu alimtazama miguu, akamtazama uso, akarudi tena miguuni. "Hiyo ni miguu ama ni msingi wa nyumba?"

"Ni ya kukukanyaga nayo. Uko nazo ama nisonge?"

Kijana huyo alikuwa Ndolo, mzaliwa wa Wamunyu, mtoto wa mchonga vinyago. Hakupenda patasi, alipenda kuzunguka, na kuzunguka kwake kote kulimfikisha hapo, kwenye turubai la viatu vya mitumba. Shati lake lilipigwa pasi hadi mikononi, na viatu vyake vya ngozi viling'aa katikati ya vumbi lile, maana alisema muuza viatu akivaa vibaya nani atanunua. Aliinama chini ya meza, akatoa raba nyekundu na nyeupe, kubwa kama mitumbwi. Kamba moja nyeupe, moja nyeusi.

"Hizi zimekungoja. Hakuna mwingine hapa Machakos ana haya mahitaji."

"Kamba hazifanani."

"Utaruka na kamba? Nipe bei ya mwisho."

Walivutana bei hadi Mutanu, mama wa maembe jirani, akawaambia wafanye upesi au waoane, wamezibia wateja njia. Kalunde alicheka, akalipa.

"Nitakuja kuona kama zinaruka," Ndolo alisema.

"Kuja. Hakuna kiingilio."

Alikuja kweli. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe wa uwanja wa chuo, karibu na bomba la maji, nyuma ya kikapu. Timu ilipotoka kupasha misuli, akaita kwa sauti ya sokoni, "Namba Tisa!" Wasichana wote wakageuka. Kalunde alihisi uso unawaka. Kwa aibu alimpita Ndolo kama nguzo ya stima, akaingia uwanjani, na siku hiyo Kiima Kimwe wakawashinda mabingwa wa mwaka uliopita.

Mechi ya pili alijilaumu kwa ule ukorofi. Alienda ukutani kabla ya filimbi, akamsalimia vizuri, mkono kwa mkono. Kufika mapumziko timu ilikuwa nyuma kabisa, mipira inakataa kuingia kama kikapu kimewekwa kifuniko. Ndipo Winfred akamshika jezi.

Winfred alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja, mfupi, mwenye mabega ya kubeba magunia, mzaliwa wa kijiji cha Kithyoko. "Ni yule wa ukutani," alinong'ona. "Ile siku ya kwanza ulimpita, tukashinda. Leo umemsalimia, ona. Usimtazame tena."

Kalunde hakumtazama tena. Wakashinda.

Basi bafuni, maji yakiwatiririka, sheria ikawekwa. Siku ya mechi Kalunde hamsalimii Ndolo, wala hampigii simu, wala hampi jicho. Lakini Ndolo lazima aje na akae pale pale. Na asiambiwe, kwa sababu mwanamume akiambiwa jambo kama hilo atalifanyia mzaha na litaharibika.

Wachezaji ndivyo walivyo. Kuna timu haifui soksi mpaka ishindwe. Hawa walishika salamu. Shida ni kwamba kwa Wakamba salamu si kitu cha kuchezea. Mtu anakwambia "wakya", unamjibu "aa", basi mmeonana, kila mtu yuko. Ukimpita mtu kavu mbele ya watu umemwambia hayuko duniani.

Na wasichana wale hawakuwa wanacheza tu. Mkuu wa chuo alikwisha kusema kwamba timu ambayo haileti kombe haina haja ya uwanja, na uwanja utageuzwa kuwa maegesho. Winfred aliingia chuo kwa nafasi ya michezo. Timu ikivunjwa, nafasi inakufa, yeye na jembe Kithyoko.

"Kwako ni kijana," alimwambia Kalunde. "Kwangu ni maisha."



Siku zisizo za mechi Kalunde alianza kupita kwenye turubai la Ndolo, na mapenzi yakanoga. Jumapili baada ya kanisa walitembea hadi bwawa la Maruba, Kalunde na gauni lake la maua ya bluu, Ndolo na koti lililomzidi mabega, wanakula mahindi ya kuchoma na kugombania hindi la mwisho. Jioni simu zilianza.

"Namba Tisa, umekula?"

"Nimekula. Nimekunja miguu hapa, kitanda hakinitoshi."

"Vumilia, mpenzi. Baba atakuchongea kirefu."

"Kwani babako anajua niko?"

"Anajua sana. Anakuchongea twiga."

"Twiga wa nini?"

"Si nilimwambia vile umerefuka. Akasema nimlete huyo mtu amwone mwenyewe. Mwezi ujao twende, sawa? Usiniambie mambo ya mpira."

"Tutaenda, aki."

Halafu Ndolo akashusha sauti. "Lakini Kalunde, jana hukuniona pale kwa ukuta?"

Kalunde alijibu upesi. "Nilikuwa na mechi."

"Mechi inakula macho? Nimekuita, watu wote wameskia, mpaka refa."

"Niachie siku ya mechi, Ndolo. Hizo zingine zote ni zako."

"Sawa," alisema, lakini haikuwa sawa. Alikuwa anawaza turubai lake, vumbi lake, na wale wasichana wa chuo wakicheka kwa Kiingereza. Akaamua yeye ni mtu wa Jumapili, wa kufichwa. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alikuwa ukutani. Alikuwa amenaswa na Kalunde.

Ushindi ukafuatana na ushindi. Walishinda Kitui, wakashinda Thika, wakamshinda kila aliyekuja Machakos na bendera zake. Redio zikaanza kuwataja. Na kadiri walivyoshinda ndivyo kamba ilivyokaza, maana mwanzoni wangeweza kujaribu kuvunja sheria wakapoteza mechi moja, lakini sasa nani angethubutu? Kalunde alishangiliwa uwanja mzima huku akijiona kama ng'ombe anayezungushwa kwenye kigingi.

Ikaja nusu fainali. Simu za wachezaji zilikuwa kwenye mkoba wa kocha, Madamu Kasyoka, kama kawaida. Timu ilitoka chumba cha kubadilishia nguo kwa mstari, na Kalunde, bila kutaka, aliona kwa pembe ya jicho kwamba Ndolo hakuwa ukutani. Alikuwa amesimama langoni mwa uwanja, mahali lazima wapite. Shati halikupigwa pasi. Na miguuni, yule Ndolo wa viatu vya kung'aa alikuwa amevaa patipati za kuogea, moja imekatika kamba.

Kalunde aliziona zile patipati. Akajua kuna jambo.

"Kalunde," Ndolo aliita, polepole, si kwa sauti ya sokoni. "Wakya."

Hatua za Kalunde zilipungua. Mkono wa Winfred ukamshika kiwiko, ukakaza. "Usijaribu. Aki ya Mungu, usijaribu. Tumebakisha hii na nyingine."

Alipita. Alipita karibu hivi kwamba bega lake liligusa shati la Ndolo, na hakugeuza shingo.

Walishinda vizuri sana siku hiyo. Jioni alipopewa simu yake alimpigia Ndolo mara nyingi. Simu ilikuwa imezimwa.

Jumatatu alikimbilia Marikiti. Turubai la viatu lilikuwa limefunikwa na kufungwa kwa kamba. Mutanu alimwona, akaendelea kupanga maembe.

"Anti Mutanu, Ndolo ako wapi?"

"Unamtafuta leo?"

"Anti, tafadhali."

Mutanu alishika kiuno. "Babake alikufa Jumamosi asubuhi. Alipata habari akiwa hapa anafungua, hata hajabadilisha nguo. Akajaribu simu yako, haipatikani. Nikamwambia enda stendi ushike gari la Wamunyu. Akasema hapana, wacha nimwambie Kalunde kwanza, ndiye ataninyoosha moyo. Akaenda na zile patipati za kuogea. Akarudi hapa akaniambia, Mutanu, amenipita." Akachukua embe, akalifuta na leso ingawa lilikuwa safi. "Mimi nimezaa watatu. Sijui niliwahi kuona mtu na uso kama ule."

Kalunde aliketi kwenye kile kiti cha wateja cha kujaribia viatu.  Mutanu akamwonea huruma mwishowe, akampa simu yake mwenyewe.

Ndolo alishika. "Eeh, Mutanu."

"Ni mimi."

Upande wa pili kulisikika watu wakiimba wimbo wa kanisa, na mtu akigonga mbao.

"Pole, Ndolo. Pole sana, mpenzi. Sikujua."

"Nilikuja kukuambia ujue."

"Nakuja. Nakuja leo."

"Usije. Tunazika Jumamosi. Wewe Jumamosi uko na fainali."

"Ndolo, kuna kitu siwezi kukuambia saa hii, lakini..."

"Mimi pia nilikuwa na kitu cha kukuambia," alisema, na simu ikakatika.

Jioni hiyo hiyo Madamu Kasyoka alifunga timu kambini. Lango likapigwa kufuli, simu zikakusanywa hadi fainali iishe. Kitandani Kalunde alimwambia Winfred, "Baba yake alikuwa amekufa. Ndiyo alikuwa anakuja kuniambia."

Winfred aligeukia ukuta. Akasema, "Ukienda mazishi hatuna kapteni. Tukishindwa mimi niko nyumbani Jumatatu." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nisamehe."

"Sijakwambia uniombe msamaha."

"Najua."

Fainali ilichezwa. Walioiona wanasema Kalunde hakuwahi kucheza vile. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, hakucheka, hakupiga mkono wa mtu. Dakika ambazo kule Wamunyu walikuwa wanashusha jeneza, yeye alikuwa anarusha mpira. Walipopewa kombe, mabingwa ambao hawajashindwa hata mara moja msimu mzima, wenzake walilia wakagaragara chini, naye alisimama akilibeba kama ndoo ya maji ya mtu mwingine. Ule ukuta wa mawe ulikuwa na watoto wa shule wamekaa.

Jumatatu, siku kubwa ya soko, chuo kilikodi lori la kuzungusha mabingwa mjini. Lori lilifungwa matawi ya kijani na spika mbili, vuvuzela zikilia, wasichana wamevaa jezi mpya na leso viunoni. Mkuu wa chuo mwenyewe alikaa mbele na kofia ya timu. Hakutaja maegesho. Kina mama wa Marikiti walirusha vigelegele, wenye mitumba wakapiga madebe. Kalunde aliwekwa juu kabisa ya kabini ya dereva na kombe mkononi. Hapo juu hakuna pa kujificha.

Kona ya maembe watu walikuwa wengi, lori likakwama. Na kwa vile lilikwama, Kalunde alitazama chini akaona turubai limefunguliwa. Ndolo alikuwa amerudi kazini. Kichwa amenyoa, kama afanyavyo mfiwa, na alikuwa anapanga viatu bila kuinua macho, kelele zote zile juu yake.

Madamu Kasyoka alishika kipaza sauti. "Wamachakos, hatujamaliza. Mashindano ya vyuo vya Afrika Mashariki yanakuja hapa hapa kwetu mwezi huu. Hatujashindwa, na hatutashindwa."

Watu wakanguruma. Winfred, chini yake, akamtazama Kalunde na kutikisa kichwa kidogo: bado.

Kalunde alimpa Winfred kombe. Akateremka kwa gurudumu, akapenya watu, kijasho kinamtoka, hadi kwenye viatu.

"Ndolo."

"Namba yako imeisha," alisema bila kuinuka.

"Nisikilize. Siku ya mechi wenzangu walinikataza kukusalimia. Toka mwanzo. Ile siku nilikusalimia tukawa tunashindwa, wakasema ni wewe. Nikipita bila kukusalimia tunashinda. Wakasema usiambiwe."

Ndolo aliinuka polepole. Mkononi alikuwa na kiatu cha mtoto. "Kwa hivyo mimi ni hirizi. Mmenitundika kwa ukuta msimu mzima, na mimi nafikiria nimekuja kuona msichana wangu."

"Mimi nilikuwa nafungwa pia."

"Wewe ulikuwa unajua." Akamkazia macho. "Ile siku ya baba. Uliniona?"

Hapo angeweza kusema hapana. Msukumano, haraka, mawazo ya mechi. Angeaminika, na pengine ingekuwa rahisi kwa wote wawili.

"Nilikuona. Niliona patipati. Nilijua kuna jambo na nikapita."

Ndolo alikiweka kile kiatu chini.  "Ungesema hukuona, ningekufukuza hapa mbele ya mkuu wako."

"Wakya, Ndolo," alisema Kalunde, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Hakujibiwa. Lori lilianza kupiga honi.

"Leo si siku ya mechi," Ndolo alisema. "Leo salamu haikugharimu. Kama uko na yangu, niletee siku ya mechi."

Alirudi kupanga viatu.

Mechi ya kwanza ya Afrika Mashariki, uwanja wa Kiima Kimwe ulijaa hadi watu wakapanda mapaa. Madamu Kasyoka alikuwa amevaa suti ya kaki na filimbi shingoni. Wapinzani walikuwa warefu kuliko milango. Kwa wiki mbili Kalunde hakumpigia Ndolo simu. Aliona hana haki ya kumwambia lolote mpaka alete kile alichoagizwa. Wasichana walijua. Wengine walimsihi, mmoja alilia. Winfred aligeukia ukuta kila usiku, na hiyo ilimwuma zaidi.

Walitoka kwa mstari. Ukutani, karibu na bomba, Ndolo alikuwa ameketi na shati lake la pasi na viatu vya kung'aa, kitu kimefungwa gazeti mapajani.

Kalunde alitoka kwenye mstari. Raba zake zilikuwa zile zile, kamba moja nyeupe, moja nyeusi. Uwanja ulimwona, wenzake walimwona, na Winfred akageuza mgongo.

"Wakya, Ndolo."

Ndolo alimtazama. 

"Aa," alijibu.

Ni hilo tu. Kalunde akarudi kwenye mstari, akacheza.

Ilikuwa mechi ya kuvutana nywele. Wakipata, wanalipizwa. Mwishoni kabisa walikuwa nyuma kwa pointi moja, Winfred akasukumwa, refa akampa mipira miwili ya bure.  Wa kwanza uligonga chuma ukarudi. Wa pili ulizunguka ukingo, ukazunguka, ukatoka nje. Filimbi.

Kiima Kimwe wakawa wameshindwa.

Hakuna aliyejua la kufanya, maana walikuwa wamesahau kushindwa kunafanywaje. Wengine waliketi walipokuwa. Kalunde alienda ukutani, akaegemea yale mawe, jasho linamdondoka.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

Ndolo alifungua lile gazeti. Ndani alikuwa twiga wa mti wa mpingo, shingo ndefu, ametazama pembeni kwa maringo. Miguu mitatu ilipigwa msasa hadi ikalainika. Wa nne bado ulikuwa na alama za kisu.

"Hapo ndipo baba alifika," Ndolo alisema. "Mama anataka kukuona. Amesema mguu usiguswe."

Kalunde alimpokea kwa mikono miwili. Alipoinua kichwa aliona Winfred anakuja moja kwa moja kutoka katikati ya uwanja, macho mekundu, ngumi amekunja, na wasichana nyuma wamesimama kuona atamtukana nani. Ndolo alishuka ukutani akasimama wima, tayari kutukanwa.

Winfred alifika, akapangusa pua na jezi.

"Ile mipira nimekosa mimi," alisema. "Si wewe." Akavuta pumzi. "Wakya, shemeji. Pole na baba."

"Aa," Ndolo alimjibu. "Aa, Winfred."

Winfred akawasogeza kidogo, akapanda ukutani kando yao, akaanza kufungua kamba za raba zake.